Koti Lenye Kitufe cha Kijani

Karani wa masjala alikuwa na koti moja tu la kazini, na koti hilo lilikuwa na bidii kuliko yeye. Asubuhi walifika pamoja. Ikikaribia saa sita mchana, mwenyewe alilivua, akakivisha kiti, akaacha jalada wazi mezani, kalamu bila kifuniko, na kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani. Kisha akatokea mlango wa nyuma, na shati lake na mikono mitupu, kama mtu anayekwenda msalani. Aliyechungulia dirishani aliona koti, akaiona na chai, akajua mwenyewe hayuko mbali. Akarudi kwenye benchi kungoja.

Ofisi ilikuwa ya ardhi, na masjala ndiko yalikolala majalada ya viwanja vyote vya mji. Asipolitoa yeye jalada, afisa hana cha kutia saini, na mwenye kiwanja harudi nyumbani na hati. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi za pembeni, hana makuu na mtu. Wenzake walimpachika jina la Sasa Hivi, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila aliyeuliza chochote.

Alikokuwa akienda, hakuna aliyejua. Katibu muhtasi, ambaye habari haikumkaa tumboni na kwa hiyo aliitwa Redio, alishaapa kwamba ni nyumba ndogo. Laiti angejua. Sasa Hivi alikuwa akienda kumlisha mama yake. Bibi wa watu alipooza upande mmoja, na tangu siku hiyo chakula cha mchana hakukikubali kutoka mkono mwingine wowote. Dada mtu akijaribu, mama alifumba mdomo na kugeukia ukutani. Basi mwana alikata mitaa mbiombio, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, akamfuta kidevu, akarudi mbiombio vilevile. Mwanzoni aliomba ruhusa kama mtu mwenye adabu zake. Mkuu wa wakati ule akamjibu kwamba kila mtu humu ofisini ana mama, sasa wakitoka wote nani atabaki? Hakuomba tena. Tangu hapo koti likaajiriwa.

Na mambo yangekwenda hivyohivyo mpaka astaafu, kama si televisheni.

Vilianza kuonyeshwa vichekesho vilivyoitwa *Idara ya Mambo Mengineyo*. Humo maisha ya ofisini yalichambwa bila huruma: kikao cha kupanga kikao, muhuri uliopewa dereva wake, afisa aliyekwenda semina akasahaulika hukohuko. Lakini mhusika aliyewavunja watu mbavu kuliko wote hakuwa na mwigizaji. Aliitwa Bwana Koti. Lilikuwa koti jeusi tu, juu ya kiti. Wafanyakazi walilisalimia kila asubuhi, wakaliletea chai, wakaliteta likiwa palepale. Wiki moja lilipandishwa cheo. Nyingine lilichaguliwa kuwa mfanyakazi bora, likapewa nafasi ya kutoa neno, na ule ukimya wake ukapigiwa makofi marefu.

Siku ya pili yake ofisini ilikuwa vicheko mtindo mmoja. Redio alimsogelea karani akamuuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi kama amemwona ndugu yake jana. Karani alicheka na wenzake, kicheko cha meno matupu, akaenda zake nyuma ya makabati akajifanya anatafuta jalada.

Hata hapo angevumilia. Kilichomkosesha raha ni swali ambalo kituo cha televisheni kiliwatupia watazamaji: Je, Bwana Koti huwa anakwenda wapi? Toa maoni yako, na maoni yatakayopendeza zaidi ndiyo yatakayofunga msimu. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Sasa ilikuwa kama nchi nzima imesimama mlangoni kwake inagonga.

Hakuwa mtu wa simu. Simu kwake ilikuwa ya kupiga, kupokea na kumulika umeme ukikatika. Sasa haikumtoka mkononi. Aliyasoma maoni msalani, akayasoma amesimama kati ya makabati, akayasoma akitembea hata akagongana na mti. Akiketi, kiti hakikaliki. Akisimama, hajui aende wapi. Wapo waliosema Bwana Koti yuko baa. Wapo waliosema ana wake wawili na zamu ya mchana ni ya mdogo. Mmoja alisema anauza mitumba, tena makoti. Waliyoyapenda wengi ni maoni ya mtu aliyedai kwamba Bwana Koti ameajiriwa pia ofisi ya pili, na huko nako ameacha koti. Kwa hilo karani mwenyewe alicheka, halafu akajichukia kwa kucheka.

Alikuwa akitafuta nini? Alitaka mtu mmoja tu, mmoja katika watu wote hao, alisemee koti neno jema. Hakumwona. Aliowaona ni wa kutaka afukuzwe: watu kama hawa wafutwe kazi, mishahara yao wapewe vijana. Na hayo hakuweza kuyacheka, kwa sababu Mkuu aliyekuwapo sasa, mama mmoja wa miwani mwenye mazoea ya kuzungukia vyumba, alikuwa amepita masjala juzi, akaligusa koti begani na kumuuliza Redio kama koti hili huwa halisikii joto. Kazi ikimponyoka, dawa za mama zitatoka wapi? Uji wenyewe utatoka wapi?

Jioni moja alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama, vichekesho vikiendelea kwenye televisheni ndogo ya chumbani. Mama alivipenda sana. Alicheka kwa ule upande mmoja wa mdomo uliobaki mzima, machozi yakimtoka, na wenzake Bwana Koti walipoanza kuligombania koti kwa picha ya pamoja, alitikisa kichwa.

"Mtu huyu," alisema kwa ulimi wake mzito, "hana mama wa kumfunza?"

Maneno yalimchoma mwana pasipoonekana. Alichukua simu, akajiita Mtazamaji, akaandika: labda anakwenda kumlisha mama yake mgonjwa. Akayatuma kabla hajabadili mawazo.

Majibu yalimiminika. Nyuso za kucheka zilijipanga kama watu wa foleni. Mmoja alimwambia hivi ni vichekesho, machozi apeleke kwenye tamthilia. Mwingine akauliza: kwani wewe ndiye Koti mwenyewe nini? Simu ilimponyoka, kidogo itumbukie kwenye bakuli la uji. Akaizima, akaiwasha, akaizima tena. Usiku huo aligeuka kitandani kama chapati, ubavu huu, ubavu ule.

Asubuhi, kabla hajavaa viatu, alikuta jibu jipya chini ya maoni yake. Halikuwa na uso wa kucheka.

"Kama ni kweli, namsamehe nusu," mwanamke mmoja alikuwa ameandika. "Mimi na mama yangu tulikaa kwenye benchi ofisi ya ardhi, tukiliangalia koti la kijivu lenye kitufe cha juu cha kijani. Mama naye alikuwa mgonjwa. Alitaka aishike hati ya kiwanja chake kwa mkono wake. Hakuishika. Tulimzika mwezi uliofuata, na mimi sijarudi huko."

Koti la kwenye televisheni lilikuwa jeusi, na vifungo vyake vyote vilifanana. La kijivu lenye kitufe cha kijani lilikuwa moja tu duniani. Kitufe chenyewe mama yake alikikata kwenye gauni lake la zamani, enzi mikono yake ingali ikitii, akakishona pale pa kilichopotea.

Na alimkumbuka mama wa mwanamke yule. Akakaa sakafuni na kiatu kimoja mkononi. Siku ile mama huyo alikuwa amevua viatu, miguu imevimba, ameegemea bega la bintiye. Karani alikuwa akirudi kutoka kumlisha mama yake, jasho linamtoka, na shati lake tu. Mama yule alimshika mkono alipopita. Hakumjua. Angemjuaje, bila koti?

"Mwanangu," alimuuliza, "huyu bwana mwenye koti atarudi lini?"

Naye akamjibu, "Sasa hivi, mama. Vumilia kidogo." Akaingia ndani, akalivaa koti, akaitwa na Redio kwa jambo jingine, na alipokuja kulitoa jalada afisa wa kutia saini alishaondoka. Akawaambia warudi kesho. Wala hakuwatazama usoni.

Alivaa kiatu cha pili akaandika chini ya maneno ya yule mwanamke: njoo kesho asubuhi dirishani, nitakuwepo. Alipoyasoma tena aliona aibu kwamba hata leo, kati ya maneno yote ya Kiswahili, amemwambia mtu njoo kesho. Lakini alihitaji siku hiyo. Aliitumia nzima kulifuatilia jalada la mama yule, akasimama juu ya kichwa cha afisa mpaka saini ikapatikana.

Yule mwanamke alikuja. Alisimama dirishani bila salamu, akakitazama kitufe, kisha uso wa mwenye kitufe. Karani alimpa hati kwa mikono miwili. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri, yote yakampotea, akabaki na lililokuwa la kweli.

"Mama yako aliniuliza mimi," alisema. "Mimi mwenyewe. Nikamwambia sasa hivi."

Mwanamke aliikunja hati, akaikunjua, akaikunja tena. Redio, mezani kwake, aliacha kupiga chapa.

"Wako yupo bado?" mwanamke aliuliza.

"Yupo."

"Basi nenda kamlishe," alisema. "Ila koti lako uondoke nalo. Watu wajue hupo."

Akaondoka. Karani alibaki ameshika ukingo wa dirisha kama mtu aliyeponea chupuchupu, na hakuwa na hakika kama ameponea. Mchana ulipokaribia alifunika kalamu, akafunga jalada, akanywa chai yake yote, ambayo kwa miaka mingi hakuwahi kuimaliza. Koti likabaki mwilini. Badala ya mlango wa nyuma akakata ukumbi mbele ya macho ya wote, akabisha hodi kwa Mkuu.

Alieleza yote akiwa wima, kuanzia kupooza hadi kijiko, hadi benchi, bila kujipaka asali. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta, na bila miwani alionekana mchovu kuliko mkali. Alisema hilo alilosikia si dogo, kuna watu wameumia, na hawezi kumjibu wakiwa wamesimama hivyo. Karani akauliza basi arudi mezani. Mkuu akatazama saa ya ukutani na kumwambia hapana, aende kwanza alikokuwa akienda, akirudi apitie hapa achukue jibu lake.

Hakukimbia siku hiyo. Alitaka kukimbia, miguu ikakataa. Njia nzima aligeuza jibu la Mkuu huku na huku, likija kila mara na sura tofauti, na hakuna sura aliyoiamini. Jua lilimchoma ndani ya koti. Hakulivua.

Dada yake alimfungulia mlango, akamtazama kutoka juu hadi chini. Alimpa bakuli. Mama alikuwa ameshaegemezwa kwenye mito, kinywa kimefumbwa, anangoja mkono wake. Miaka yote ya uji wa mchana hakuwahi kumwona mwanawe ila na shati. Alilitazama lile koti muda mrefu, akanyanyua mkono wake mzima, akakipapasa kitufe cha kijani kwa kidole.

"Leo umekuja na koti," alisema. "Baba, wamekufukuza?"

Karani alichota uji, akaupuliza upoe.

"Sijui bado, mama," alisema. "Fungua mdomo."