Aliyeniomba Nimtue

Kwanza nikuambie: mimi si mtu wa mapepo. Nimezaliwa Tabora mjini, nimesoma madrasa na shule, na barazani wakianza habari za majini huwa naaga nikalale. Kwa hiyo haya ninayokusimulia usidhani nimeyasikia kwa mtu. Yamenikuta mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu, tena mchana, saa ambayo watu wanakula. Laiti ningekuwa nadanganya, ningekuwa na raha.

Nilikuwa fundi wa matimba kwenye duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, upande wa Nzega. Matimba ni yale magogo tunayoyasimamisha chini kuzuia mwamba usitushukie. Dhahabu ya pale ilifuata mkanda wa mawe meupe uliolala kiubavu, unashuka ndani ya mwamba wa kijani, na kati ya mawe meupe na mwamba huo kuna utando wa udongo unaoteleza kama sabuni. Utando huo ndio adui. Ukishatoa mawe meupe, mwamba wa juu unabaki hauna wa kuushikilia isipokuwa magogo ya fundi. Na dhahabu yenyewe ilikuwa imepauka, ina madini mengi ya fedha ndani yake, sonara wa mjini akiiona anakunja uso hata hujamsalimia. Lakini ndiyo tuliyopewa.

Fundi wa matimba pale hakuwa mtu wa kuchezewa. Hakuna aliyeshika kamba ya winchi kabla hajaniuliza, "Kumekaa, fundi?" Nikijibu "Kumekaa," anashuka. Nikinyamaza hashuki, hata mwenye duara akipiga kelele namna gani. Hiyo desturi niliikuta, nikaipenda kuliko nilivyopaswa.

Sasa sikiliza. Chini tulikuwa na njia mbili. Ya zamani ilikuwa juu, imekwisha mawe, haingii mtu. Mpya ilikuwa chini yake kidogo, na humo ndimo rafiki yangu Deo, mtu wa Ulyankulu, alikuwa akichimba na wenzake. Njia mpya ilihitaji magogo. Magogo yetu yalitoka Ipole, na gari lilikuwa limezuiliwa kwenye geti la maliasili kwa habari ya kibali. Bi Zuhura, mwenye duara, akasema tusubiri. Elewa hapo: yeye alisema tusubiri. Mimi ndiye niliyeona kusubiri ni uvivu.

Nikaingia njia ya zamani, nikagonga dari kwa mtarimbo. Mwamba mzima ukiugonga unalia kama chuma, uliooza unatoa sauti ya debe tupu. Ulilia vizuri. Nikang'oa gogo la kwanza, nikagonga tena, ukalia vile vile. Nikang'oa jingine, na jingine. Kila nikigonga, chuma. Nikajiona bingwa. Magogo nikayapeleka njia mpya, nikayasimamisha, na Deo akanisifu kwa kazi ya haraka.

Siku ya pili, wenzangu walipopanda kula, nilirudi njia ya zamani kuchukua gogo lililobaki. Nikamkuta mtu.

Alikuwa amesimama pale pale nilipong'oa gogo la kwanza. Mzee, mfupi, kifua wazi, shingo nene. Kichwani alikuwa na ngata ya majani, ile ya kuwekea mzigo, na juu ya ngata ndipo dari lilipokuwa limekaa. Mikono ameiinua, viganja vimeshika mwamba. Hakuwa na taa. Hebu fikiria, mtu yuko chini ya ardhi, kwenye giza lile, hana hata tochi.

Nikadhani ni mwizi wa mawe, maana watu wa namna hiyo wapo. Lakini mdomo wangu wenyewe ukasema shikamoo. Akaitikia marahaba, taratibu, akijizuia asitikisike. Jasho lilikuwa linamtiririka pamoja na vumbi, na miguu yake ilikuwa inatetemeka. Nikamwuliza ni wa timu ya nani. Akaniambia yuko pale tangu jana, tangu nilipotoa lile gogo.

"Nitue, mwanangu," akasema. "Shingo imechoka."

Wewe ungefanya nini? Nilimulika dari, nikaona ufa mpya umeanzia kichwani pake ukaenda mpaka mwanga wangu ulipoishia, na udongo unadondoka kidogo kidogo. Hapo nikajua siota. Nikamwambia anisubiri nikalete magogo. Akasema niende, ila nisichelewe.

Naapa, nilipopanda nilikuwa na nia. Nilitaka kuwaambia watu wote wasishuke. Lakini kutoka nje nakuta shangwe. Kumbe asubuhi ile timu ya Deo ilikuwa imekata jiwe lenye dhahabu ya kuonekana kwa macho, na Bi Zuhura ametuma kuku wachinjwe. Kila mtu anacheka. Mimi niseme nini? Kwamba kuna mzee amejitwisha dari? Wangeniuliza nimevuta nini. Au niseme nimeng'oa magogo bila ruhusa? Ningefukuzwa siku ile ile, mbele ya watu ambao kwao neno langu lilikuwa mwisho wa maneno. Nikatafuta magogo uwanjani, hakuna hata moja. Nikajiambia nitajua la kufanya nikishakula. Nikanawa mikono. Mzee amebeba mwamba, na mimi nakula ugali na kuku.

Deo alimaliza kabla ya wengine. Akavaa tochi kichwani, akashika kamba, akanigeukia.

"Kumekaa, fundi?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Nikasema, "Kumekaa."

Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka, na jibu ni lile lile: niliona haya.

Hatukusikia kishindo kama unavyodhani. Ulikuja upepo wa vumbi kutoka mdomo wa duara, kisha ardhi ikanguruma chini ya miguu yetu. Nilikuwa wa kwanza kushuka, peke yangu, mwamba bado unanguruma. Wenzangu wanauita ushujaa, lakini nilishuka kwa kuwa sikuweza kubaki pale juu nikitazamana nao. Nilimkuta Deo mwanzoni mwa njia mpya, mguu umevunjika, mweupe kwa vumbi, anahema. Nyuma yake njia yote ilikuwa imejaa kifusi. Ile ya zamani ilikuwa imelala juu ya mpya.

Hospitalini Deo akasimulia kwamba dari lilipoanza kushuka lilisimama ghafla. Kuna mtu gizani alikuwa amelishika, akamwambia, "Pita, mwanangu. Pita upesi." Deo akatambaa katikati ya miguu ya mtu huyo, akaisikia inavyotetemeka. Na alipopata mwanga, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wangu. Umeelewa alichokiamini?

Usidhani nilinyamaza. Nilikaa kando ya kitanda chake nikamwambia yote, magogo, mzee, ngata, na lile neno langu moja la uongo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono.

"Unajishusha sana, fundi," akasema. "Ndiyo maana Mungu amekutumia."

Bi Zuhura naye nilimwambia. Habari ya magogo ilimkasirisha kweli, akaninunia, halafu akasema mtu aliyezuia mwamba kwa mikono yake amekwisha kujisafisha. Mama yake Deo akasafiri kutoka Ulyankulu na gunia la maharage, akapiga magoti mbele yangu, akaniambia wameniombea misa. Nikamwinua, nikamwambia si mimi. Akalia zaidi.

Wenyeji wa pale wanasema njia ya wapagazi wa zamani, wale waliobeba pembe kwenda pwani, ilipita kwenye kile kilima, na waliozidiwa na mizigo walizikwa hapo hapo njiani. Huenda. Mimi najua kwamba Deo alipita, na aliyempitisha hakutoka.

Nikaacha machimbo. Siku hizi natengeneza milango hapa Cheyo, Tabora mjini. Nikimwona mtu yeyote na mzigo kichwani natupa randa chini, nakimbia kumtua, na mtaa mzima unanisifu kwa utu. Wasichokijua ni kwamba kila mzigo ninaoupokea una uzito usio wake. Ndoo moja ya maji, na nasikia shingo yangu inadidimia, na udongo unanidondokea begani. Mwenye ndoo ananiangalia tu, hajui kwa nini nahema.

Mwezi uliopita Deo aliniita kwao. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, wakampa jina langu, padre akaliongezea Yosefu mbele ili likae vizuri. Nilikwenda kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Deo, anachechemea, akamtoa mtoto kwenye kanga, akaniwekea mikononi mbele ya watu, akawaambia huyu ndiye. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtoto mchanga kabisa, na magoti yangu yakaanza kutetemeka. Nikatafuta mtu wa kunitua. Kila niliyemtazama alikuwa ananitabasamia.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Ukiulizwa kama kumekaa, na unajua hakujakaa, sema hapo hapo, wacha wakucheke. Usingoje umalize kula. Na ukifika Ulyankulu ukasimuliwa habari ya fundi aliyeshika mwamba ili rafiki yake apite, usimwamini anayekusimulia, hata kama analia. Mimi nilikuwa juu, nakula.