Nundu ya Gari la Miyuji

Mtu akiniambia gari lile lote lilibuniwa Ulaya, nabishana naye mpaka leo. Mbele, sawa, ni kwao. Nyuma ni kwa baba yangu, pale Miyuji, na mimi nilikuwepo, maana ndimi niliyekuwa nikishona viti kwenye gereji yake.

Lilikuwa jekundu, milango miwili, la kasi kwelikweli, na mwenyewe, mfanyabiashara wa mjini, alilipenda kupita kiasi. Miaka ile ya uhaba, lori lililigonga kwa nyuma njia ya Mpwapwa, bati likakunjamana lote. Spea hakuna. Picha aliyonayo ni moja tu, ya harusi yake, gari linaonekana kwa mbele tu, lina maua juu.

"Sasa nyuma lilikuwaje?" baba akauliza.

Mwenyewe akakuna kichwa. "Fundi, nyuma walikuwa wanaiona wale niliowapita!"

Basi baba, mtoto wa wafugaji, akaligonga bati kwa namna aliyoijua yeye kuwa ni nzuri: akaliwekea gari nundu ya dume la ng'ombe, imenona, inashuka taratibu mpaka mkiani. Watu walicheka wee! Yeye alikuwa akipita anaipapasa, anatabasamu. Kati ya kazi zake zote, hiyo ndiyo aliyoringia.

Nchi ilipofungua biashara ya nje, magari ya Japani yakamiminika, na akaja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam aliyekuwa akinunua magari ya zamani na kufuatilia asili ya maumbo yake. Mwenye gari akamleta gerejini alione. Mgeni akazunguka nyuma, akapiga magoti.

"Mgongo huu sijauona popote. Aliyeuchora ni bingwa."

"Bingwa mwenyewe yule pale anakunywa chai," nikamwambia.

Uso ukamshuka, kumbe mgongo si wa kiwandani. Akasema basi mgongo ukatwe, lirudi kama lilivyotoka kiwandani, ndipo atalinunua. Na wa kuukata awe baba! Damu ilinichemka. Mzee akate kazi ya mikono yake mwenyewe? Lakini mwenye gari alikuwa amezeeka na alitaka kuliuza. Akaweka funguo mezani, akamgeukia baba.

"Fundi, sema wewe. Ukikubali kukata, namwuzia."

Baba akaweka kikombe chini.

Mgeni akamfungulia kitabu amwonyeshe nyuma ya asili. Ilikuwa imekatika wima, bapa kama ubao. Baba akavaa miwani, akatazama, akageuza ukurasa kutafuta kilichobaki. Hakukiona. Akamwangalia mgeni kwa huruma ya kweli.

"Mwanangu, mbona hawakulimalizia?"

Mwenye gari alicheka mpaka akajishika ukutani. Mimi nilijivuna hadi machozi yakanitoka, na wala sikuyafuta. Mgeni naye akacheka, akanyoosha mkono kuomba bei nyingine, nundu ibaki.

Mwenye gari akachukua funguo zake mezani, akazitia mfukoni. "Pole, bwana. Lililomalizwa ni hili moja tu duniani. Siliuzi."