Kipengele Alichokizima Sixbert

Sixbert, fundi wa kompyuta anayeishi Kipalapala, ni mtu wa kubana. Habani chakula wala salamu, anabana kompyuta. Kila anayemtembelea husimuliwa, apende asipende, jinsi alivyoijenga kwa mikono yake kerneli, yaani kiini cha mfumo unaoendesha mashine yake, akazima kila kipengele ambacho nyumba yake haikihitaji. "Haina hata punje ya mzigo," husema, na mgeni hutikisa kichwa kama aliyeelewa.

Bahati mbaya, kazi hiyo aliifanya akiwa kapera. Kisha akamwoa Julieth, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuja na aifoni aliyopewa na kaka yake. Soketi nzima ndani ya nyumba ni moja, na ekstensheni yake ilishajaa: kompyuta, spika, na feni ya kuipoza hiyohiyo kompyuta. Simu ya bibi harusi ikapewa tundu la ubavuni mwa mashine, ikawa inaingiza chaji kwa kudonoadonoa. Ndipo Julieth akazoea, kila jioni, kujifunga khanga na kwenda kwa jirani yao Asmahani, mwenye sola ya kueleweka.

Jambo hilo lilimuuma Sixbert. Alimpenda mkewe, na jioni bila yeye nyumba ilipwaya. Akaamua kwamba mkosaji ni chaji, akachimba mtandaoni wiki nzima. Kumbe simu ile hujizuia kunywa umeme mwingi mpaka kompyuta iiambie kwamba ruksa, na kipengele cha kuipa ruksa hiyo kilikuwa miongoni mwa vile alivyovizima kwa maringo.

Mtu mwingine angechomoa spika. Sixbert akaijenga kerneli upya, Jumamosi nzima, feni ikivuma na wali ukipoa mezani. Alipoiwasha mashine na kuchomeka simu, asilimia zikapanda huku anaziona. Akashangilia peke yake. Julieth alikuwa nje anafua.

Jioni akamkabidhi simu kwa mikono miwili.

"Asante, mume wangu," Julieth akasema, akaitia kwenye pochi, akajifunga khanga.

"Sasa unakwenda wapi?"

"Kwa Asmahani. Tuna karanga za kumenya."

"Lakini imejaa! Asilimia mia!"

Julieth akamtazama kwa huruma zaidi kuliko hasira. "Hata zamani ilikuwa inajaa, Sixbert, ila taratibu. Mimi naenda kule kwa sababu nikiongea, mtu ananitazama."

Maneno yale yalimchoma Sixbert kwa sababu yalikuwa kweli tupu. Akaifunga kompyuta, akasaka kandambili zake chini ya meza, akauliza kwa sauti ndogo kama mume naye anaruhusiwa kumenya karanga.

"Njoo," Julieth akasema akiwa mlangoni. "Ila ukianza habari za kerneli, unarudi."