Ubavu wa Ziada wa Mama

Tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, shamba la babu lilikuwa limeshakuwa migomba ya mtu mwingine. Kilima chetu kiko upande wa Gashoho, na jirani aliyekuwa akililima shamba lile hakututukana wala hakutufungia njia. Baada ya vikao virefu alikubali tugawane, nusu yake na nusu yetu. Siku ya kufunga mapatano alileta urwarwa, pombe yetu ya ndizi, akamkabidhi mama kibuyu mbele ya watu wote.

Mama akanywa. Kwenye kilima chetu hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mwenye pombe ndiye huonja kwanza, mgeni akimtazama, ili ijulikane kwamba haina sumu. Lakini mama alikulia kambini, ambako pombe ilikuwa ya kununua na hakuna aliyemwonjea mwenzake. Alinyoosha mkono, na jirani kwa furaha yake akamwachia kibuyu. Watu waliona, wakanyamaza.

Hawakunyamaza tena mkono wa mama ulipoanza kufa ganzi. Ganzi ilianzia kidole kidogo cha mkono wa kulia, kikafuata cha pili yake. Kisha akawa anaangusha vikombe. Jioni akitoka sokoni, vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyefua nguo alfajiri.

Sokoni aliuza ndizi kando ya mama mmoja Mkongomani wa Kivu Kusini, muuza vitenge, ambaye hakuwahi kuficha wazo lake.

"Mi sisemi kitu," aliniambia nilipokuja likizo kutoka chuo kikuu Gitega. "Lakini ile pombe, nani aliionja? Mama yako alikunywa tu kama maji. Iko sumu inakula polepole."

"Sumu gani inachagua vidole viwili vya mkono mmoja?"

"Ya fundi wa sumu," akajibu, akaendelea kukunja kitenge.

Ningecheka kama wajomba zangu wasingekuwa wanasema hivyo hivyo. Walitaka mapatano yavunjwe, shamba lote lirudi kwetu, na jirani ahame kilima na watoto wake. Jirani mwenyewe alikuwa ameacha kuja ibadani. Nilipokutana naye kisimani alitazama ndoo yake tu.

"Binti yangu," alisema mwishowe, "wewe umesoma. Naweza kuapa kwa kitu gani, mniamini?"

Sikumwambia kwamba siamini viapo. Nilimwambia kwamba sijui. Hilo lilikuwa kweli: sikuwa na ushahidi kwamba alimdhuru mama, na sikuwa na ushahidi kwamba hakumdhuru.

Nilimpeleka mama akapigwe picha ya mionzi, ile tunayoiita radio. Wakapiga picha ya kiganja. Mifupa yote ilikuwa mizima. Nilifikiri picha hiyo ingemsaidia jirani, kumbe ilimmaliza. Kilimani walisema: kama hata mashine haioni kitu, basi ni sumu.

Hapo nikakasirika, na nikikasirika huwa nauliza maswali. Picha ile ilijibu swali moja tu, kama kiganja kimevunjika. Nani aliyesema shida iko kwenye kiganja? Kwa nini asubuhi mkono ulikuwa na nafuu, na jioni ya soko ukawa barafu? Nilitembea nyuma ya mama akienda sokoni, kapu la ndizi kichwani, mkono wa kulia juu ukilishika. Mlimani nilimwambia asimame, nikatazama vidole vilivyoshika ukingo wa kapu. Vilikuwa vyeupe.

"Shusha mkono, mama."

Baada ya muda damu ikarudi, vikawa na rangi yake.

"Umeridhika?" akauliza. "Au unataka nisimame hapa mpaka ndizi ziive?"

Nikaondoka naye kwenda Gitega. Daktari wa hospitali tuliyoingia alikuwa mtu mkavu wa maneno. Aliiweka pembeni picha ya kiganja, akashika mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono wa mama, akamwambia ainue mkono na ageuze shingo. Kisha akanipa mimi nishike.

Hapakuwa na mapigo.

"Shusha," akasema. Yakarudi chini ya vidole vyangu.

Nikamuuliza kama si sadfa tu. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Madmazeli, hilo ndilo tunalokwenda kuangalia."

Walipiga radio ya shingo. Halafu wakampaka mama mafuta baridi chini ya mtulinga na kuweka kifaa cha ekografi, kinachoonyesha damu ikitembea na kutoa sauti yake. Chumba kizima kilisikia: fwa, fwa, fwa. Mama akainua mkono. Sauti ikazimika. Akashusha, ikarudi. Nilimwomba arudie, na tena, mpaka mama akaniambia mkono ni wake, si wa chuo kikuu.

Kwenye radio ya shingo daktari alituonyesha kwa kalamu. Upande wa kulia, juu ya mbavu zote, kulikuwa na ubavu mwingine mwembamba, umeota kutoka shingoni na kushuka mpaka unabana mshipa wa damu na neva za mkono. "Amezaliwa nao," alisema. "Ni watu wachache wenye ubavu huu, na wengi wao hauwasumbui kabisa. Mimi mwenyewe nimekutana nao zaidi vitabuni. Hakuna mtu aliyeuweka."

"Mungu ameniongezea ubavu," mama akasema. "Angeniongezea shamba."

Nilitoka nje kwenye korido nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Sikuwa nimewahi kupenda jibu lolote kama nilivyolipenda lile.

Daktari wa upasuaji alipopatikana, ubavu ukatolewa. Mama aliuomba aende nao nyumbani, wakamkatalia, akaridhika na picha. Ganzi ilichukua muda kuondoka, lakini joto lilirudi upesi, na siku tulipofika kilimani alimsalimia kila mtu kwa mkono wa kulia, akiwabana vidole mpaka walalamike.

Tuliifunga picha kwenye dirisha lenye jua. Kilima kizima kilipita. Wajomba waliitazama kwa muda mrefu, kisha mkubwa wao akaanza kuongea habari za mvua. Muuza vitenge alifuata ubavu ule kwa kidole.

"Sawa," akasema. "Na pombe haikuutia huo?"

"Alizaliwa nao, kabla ya pombe."

"Basi mi nilisema sisemi kitu."

Jirani alikuja wa mwisho, na kibuyu. Aliitazama picha, akajishika shingo yake mwenyewe, akapapasa pande zote mbili. Kisha akasimama katikati ya ua ambapo kila mtu angemwona, akainua kibuyu, akaonja. Akaonja tena. Koo lake lilipanda na kushuka, watu wakaanza kuguna, na bado anaonja.

"Baba, nimeamini," mama akasema. "Niachie na mimi."

Akauinua mkono wa kulia juu kabisa, akakinyakua kibuyu.