Afukuzwa sokoni kwa wimbo, wateja wamrudisha kwa kuuimba

Saa tatu asubuhi, siku ya soko, Kamukuywa imeshafurika. Nakhumicha Wepukhulu, 52, anafunga kamba kati ya nguzo mbili za kibanda cha mitumba na kubana karatasi zake kwa vibanio vya nguo. Kila karatasi ina wimbo mmoja. Anafumba macho, anaimba.

Wauza nyanya wananyamaza. Akikaribia ubeti wa mwisho, anakata ghafla.

"Ya mwisho iko kwa karatasi!" anatangaza. "Shilingi ishirini tu. Ukikataa, utarudi nyumbani na wimbo ya mguu moja."

Watu wanacheka, kisha wananunua. Siku njema huuza karatasi sitini.

Kazi hii aliijua akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, mpishi katika nyumba ya masista karibu na Kitale. Sista Brijita, bibi mzee kutoka Ireland, alikuwa na bahasha ya nyimbo zilizouzwa barabarani huko kwao katika karne ya kumi na tisa. Wakichambua maharagwe, sista aliimba na kumfasiria: mapenzi yaliyovunjika, vijana waliopanda meli wasirudi, watawala waliowaandama waimbaji.

"Mimi nilidhani wazungu wote ni matajiri," anasema. "Kumbe na wao walilia njaa! Viazi ilioza shambani, watu wakakufa, na mtu akaimba hiyo kifo sokoni apate mkate. Nikasema, hata mimi naweza."

Kwa miaka mingi aliimba mapenzi na misiba, na siasa kidogo ya kuchekesha. Mwaka juzi mdogo wake, Sellah, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Zahanati ya kijiji ilikuwa imejengwa, ikapakwa rangi, ikafungwa kufuli miaka miwili. Sellah alifariki juu ya bodaboda akikimbizwa Bungoma, yeye na mtoto tumboni.

Nakhumicha hakuimba kwa miezi mitatu. Kisha akaandika wimbo, akaupeleka Kitale kwa Mzee Kibe, mwenye duka la fotokopi.

"Nilimwambia, mama, hii karatasi itatupeleka ndani sisi wawili," anakumbuka Kibe. "Akaniambia, basi piga mia mbili. Tukifungwa, tufungwe na kazi kamili."

Ubeti wa mwisho ulikuwa huu:

Kufuli nakuuliza, kwani unalinda nani?
Wagonjwa tuko juani, na dawa hazimo ndani.
Sellah wangu kaondoka, akaishia njiani,
Mwenye ufunguo sema, tukujue hadharani.

Mwenye ufunguo alikuwa Makokha, mwenyekiti wa soko, aliyekuwa pia katika kamati ya zahanati. Nyimbo zilizowacheka wanasiasa alizinunua mwenyewe na kuzisoma kwa sauti hotelini. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Huu ulipomfikia, alimfukuza Nakhumicha sokoni.

"Mimi sikumtaja," anasema Nakhumicha. "Si alijitaja mwenyewe?"

Kwa miezi minne alipalilia mashamba ya watu. Kisha Makokha akaitisha mkutano wa wafanyabiashara wapige kura juu ya wimbo ule. Wakiamua kwamba Nakhumicha alimtukana, asingeimba tena katika soko lolote la eneo hilo.

Hapo ndipo mwenyekiti alipokosea. Aliagiza kila aliyenunua wimbo ule aje na karatasi yake, iwe ushahidi. Wakaja kweli, wengine kutoka Sirisia, ukumbi ukajaa hadi madirishani.

"Haya, mama, imba hayo matusi yako tusikie," Makokha akaamuru.

Nakhumicha aliimba. Kwa mazoea ya miaka yote, alipofika ubeti wa mwisho akanyamaza. Ukumbi mzima, karatasi mkononi, ukammalizia. Wakaurudia mara tatu.

"Ati mwenyekiti mwenyewe ndiye alituita kwaya!" anacheka Rosaline Nyambu, muuza mitumba. "Tuliimba, tukalia, tukapiga makofi, tukalia tena. Yeye alikuwa anaangalia sakafu tu."

Hakuna aliyepiga kura. Makokha alitoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani, akatoka. Mwezi huohuo muuguzi aliletwa zahanatini. Mwandishi huyu amefika pale, ameona akina mama wakipanga foleni mlangoni, na amefurahi mno.

Tulipompigia simu, Makokha alijitetea. "Nilikuwa nangojea muuguzi, bana," alisema. Kisha akakiri: "Lakini wimbo ni tamu, siwezi kataa."

Siku hizi Nakhumicha hayuko peke yake. Kila Jumamosi alasiri huketi na wanawake watano, kutoka Kitale hadi Sirisia, akiwafundisha kutunga na kuuza. Kufikia Desemba, anasema, kila mmoja atakuwa na soko lake na kamba yake.

Tunamuuliza kama haogopi kujiletea washindani. Anacheka hadi anajishika mbavu.

"Mmoja ni rahisi kumnyamazisha," anasema. "Sasa sita, watatupeleka wapi?"