Sahani Namba Tisa

Mzee wa sahani namba tisa alikuwa hajala kwa siku nne, na mimi nilikuwa nimeshamkasirikia kwa siku tatu.

Nilikuwa mtumishi mgeni katika nyumba ya wazee wasiojiweza, upande wa Lundo, karibu na Ziwa Nyasa. Serikali ilinihamisha kutoka Singida, nikaja na sanduku la bati na imani kwamba usafi na ratiba vinatosha kumtunza mtu. Kabla sijafika, ugonjwa wa kuhara ulikuwa umewaua wazee wawili, ndipo mkuu wa nyumba akatoa amri: kila mzee ale kitandani kwake, kwenye sahani yake yenye namba. Amri hiyo niliipenda. Sahani zile nilizisugua kwa majivu mpaka zikang'aa.

Namba tisa alitoka milimani, Namswea. Mkewe alikuwa amefariki, hawakujaliwa watoto, na majirani walipohamia kijiji cha ujamaa yeye alipandishwa lori akaletwa kwetu. Kila mchana nilimwekea ugali na maharage. Kila mchana alishukuru kwa adabu, akaifunika sahani, akanywa maji, akageukia ukutani. Niliona anadeka. Nikamwambia hapa si hotelini.

Siku ya tano hakuweza kuketi. Mganga wa zahanati alimpima, akanivuta pembeni.

"Dada, asipokula leo au kesho, tutamzika."

Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nikaleta uji, nikamwinua kichwa. Akauma meno. Nikambana pua. Ndiyo, nilimbana pua mtu wa umri wa babu yangu, mpaka akafumbua mdomo kutafuta pumzi, nikamimina. Uji wote ukamwagika kifuani. Alikohoa, kisha akanitazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonichoma.

"Mwanangu," alisema, "kwetu anayejificha na chakula chake akala peke yake, tunasema ni mchawi. Tangu nifike hapa mnanitaka niwe mchawi."

Mpishi wetu, mama Mmatengo wa milima ile ile ya mzee, alikuwa amesimama mlangoni. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto: kwao wanaume wa ukoo hula pamoja nyumbani kwa babu, na kila nyumba huleta chakula chake hapo. Huko kula pamoja wanakuita sengu.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kutwa unagomba."

Nilimwendea mkuu kuomba wazee wale pamoja. Hakuinua hata macho. Amri ni amri. Kisha akapanda baiskeli kwenda mkutanoni, kuwahimiza wanakijiji waishi pamoja na kufanya kazi pamoja. Alipopotelea tu nyuma ya mihogo, nikamwambia mama asonge ugali mmoja mkubwa. Nikatandika mkeka barazani, nikawanawisha wazee wanne kwa sabuni, nikambeba namba tisa mikononi. Ndoo ya maji ilikuwa nzito kuliko yeye.

Sinia likawekwa katikati. Hakuna aliyenyoosha mkono. Ugali ulikuwa unapoa, nami jicho langu lilikuwa njiani.

"Kuleni basi!" nilifoka.

Namba tisa akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hapa ni kwa nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba lazima awepo mwenyeji wa kuanza.

"Ni kwako, babu."

Akamega, akachovya, akala. Wenzake wakafuata.

Alikuwa kwenye tonge la nne kengele ya baiskeli ilipolia. Mkuu alisimama uani, akatazama sinia, akatazama zile sahani zake zilizopangwa tupu dirishani.

"Karibu, mwanangu," namba tisa akamwambia. "Chakula kipo."

Mkuu akaingia ofisini. Barua ya onyo niliipata kesho yake. Sahani lakini hazikurudi vitandani.

Nilipokwenda kuondoa sinia, nilikuta tonge moja limesogezwa pembeni, na maharage kidogo.

"Hilo ni lako," alisema babu. "Hujala tangu asubuhi."

Nikalichukua kwa vidole vile vile vilivyombana pua. Nilishindwa kulipeleka mdomoni. Yeye akanisubiri, hakutazama ukutani, mpaka nikala.