Chafya ya Mtoto wa Kipkemei

Kipkemei alikuwa karani wa reli hapa Nakuru, lakini ukimwita karani alinuna. Alitaka aitwe mwandishi. Alikuwa na sanduku la vitabu alilonunua kwenye mnada wa mzungu mmoja wa Milimani, na unga ukiisha, mkewe Chepkemboi alimwambia avichemshe hivyo vitabu wale.

Jumamosi mchana sisi wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, tulikusanyika mlangoni kwake atusomee barua zetu. Zikiisha, alibaki palepale kwenye kigoda, akatoa karatasi nyingine na kutusomea hadithi alizotunga. Mwaka wa hamsini na tano tulikuwa wachache. Ilikuwa hali ya hatari, askari walikuwa wamewazoa majirani zetu akina Waithaka, na milango yao ilipigwa misumari.

Jumamosi moja alisoma hadithi ya kaka yake Kimaiyo, aliyekwenda vita vya Burma asirudi. Serikali haikusema amekufa, haikusema yu hai. Kipkemei alichoka kungoja, akamwua mwenyewe kwenye karatasi: akamzamisha mtoni, buti zikiwa miguuni. Alisoma vizuri mno, mjanja yule, tukalia huku tukijua ni ya kutunga. Mama yake, aliyeshuka kutoka Molo kumtunza Chepkemboi aliyejifungua, alisikiliza akiwa mlangoni, kisha akaingia ndani. Kwake yeye, mwanawe alikuwa amesoma barua.

Siku ya kumpa mtoto jina, wanawake wazee walikuja na ugoro wa kumnusisha. Kwao huitwa majina ya wafu, mmoja mmoja, na mtoto akipiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Waliita babu, wakaita baba wa babu, mtoto kimya. Ndipo mama yake Kipkemei akaita, "Kimaiyo."

Mtoto akapiga chafya.

Kipkemei aliyekuwa nje akaingia mbio. "Mama, huyo hatujui kama amekufa! Ile ilikuwa hadithi tu, nilitunga mwenyewe!"

Mama akamtazama sana. "Na huyu mtoto, naye ameisoma hadithi yako?"

Jina likishakubaliwa halirudishwi. Na roho moja haikai kwa watu wawili: Kimaiyo akitokea akiwa hai, mtoto ataondoka duniani. Chepkemboi alilijua hilo, na Kipkemei pia, pamoja na vitabu vyake vyote. Mama alirudi Molo akiwa ametulia. Sasa aliweza kumlilia mwanawe. Hofu ilibaki hapa landhi. Zamani treni ikiingia, Kipkemei alikwenda kutazama wanaoshuka. Sasa alijifungia ndani, wala hakutunga tena kitu.

Kisha ikaja siku watoto wakasema kuna mwanamume mwenye koti la jeshi stesheni, anaulizia landhi yetu. Siku hiyo hiyo mtoto alikuwa akichemka homa. Mimi ni jirani wa ukuta mmoja, na mabati hayafichi kitu. Nilimsikia Chepkemboi akikomea mlango, akifungua sanduku na kutoa karatasi.

"Soma."

"Chepkemboi, huyo ni ndugu yangu."

"Na huyu niliyembeba ni nani? Soma, yule abaki na wafu, Baba Kimaiyo."

Akasoma. Akamzamisha kaka yake taratibu, buti zikiwa miguuni, nami nikaogopa hata kukohoa. Nje mtu alikuwa akibisha mlango baada ya mlango. Kipkemei alipofika mwisho, mkewe akamwambia aanze tena.